Ubongo wa Lori: Ulitoka Wapi, na Hufaje?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si kazi za ofisini. Nilikuwa Mariakani, gerejini, nanuka dizeli.

Mjomba wangu ana lori la kubeba makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala. Analo moja tu, na bado linadaiwa na benki. Lilizima karibu na Voi, likakokotwa hadi Mariakani. Fundi wa kwanza alipochomeka mashine ya kusoma makosa, yakatokea makosa 11 kwa mpigo. Akatoa hukumu: kontroli boksi imekufa, leta mpya. Bei aliyotaja ilikaribia marejesho ya mkopo ya miezi mitano. Mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe si mtu wa tarakilishi? Basi njoo uiangalie hii yangu kabla sijauza shamba."

Mimi huandika programu za hesabu za maduka. Injini siijui. Lakini kazi yangu imenifunza kwamba ukirithi mtambo usioujua, anza kwa kuuliza ulifikaje hapo ulipo. Kwa hivyo tupige historia kidogo, kisha turudi gerejini.

Injini ya dizeli ilizaliwa bila tarakilishi. Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini yake kule Ujerumani mwaka 1897, na kuanzia 1927 kampuni ya Bosch ikawa inatengeneza pampu za dizeli kwa wingi. Pampu hizo zilikuwa chuma kitupu. Vipande vya chuma vilivyozunguka na injini ndivyo vilivyoamua dizeli iongezwe au ipunguzwe. Injini ikishawaka, haikuhitaji umeme tena. Ndiyo maana madereva wa zamani waliweza kusukuma lori likawaka, na fundi mwenye spana na masikio mazuri akalitengeneza chini ya mbuyu.

Umeme uliingia kwanza upande wa petroli. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilibuni mtambo ulioitwa Electrojector, ukafungwa katika magari machache ya Chrysler ya mwaka 1958. Ulisumbua kiasi kwamba mengi yalirudishiwa kabureta. Hataza zake zikaishia kwa Bosch, na mwaka 1967 Bosch ikatoa D-Jetronic katika gari la Volkswagen 1600. Wenzangu wa programu, sikilizeni hili: kisanduku kile hakikuwa na programu hata mstari mmoja. Kilikuwa saketi za transista tu.

Kilichobadilisha mambo ni moshi. Mwaka 1970 Marekani ilikaza sheria yake ya hewa safi, na ikawa vigumu kwa kabureta kutimiza viwango vipya. Kufikia 1981 General Motors ilikuwa imetia tarakilishi katika magari yake ya petroli yaliyouzwa Marekani. Malori yakafuata. Mwaka 1985 Detroit Diesel ilitoa mtambo wa DDEC, ambao uliiachia tarakilishi kuamua injekta ya lori ifunguke lini na kwa muda gani. Mwaka 1987 ikaja injini yake ya Series 60, ambayo hukuweza kuinunua bila kisanduku hicho. Katikati yake, mwaka 1986, Bosch ilitangaza CAN: nyaya mbili zilizosokotwa ambazo visanduku vyote vya gari huzungumzia. Malori ya leo huzitumia kwa lugha iitwayo J1939.

Unaona kilichotokea? Zamani maamuzi ya pampu yalikuwa kwenye chuma, unaweza kukishika na kukipima. Sasa yako kwenye faili, na faili halisikiki kwa sikio.

Haya, turudi Mariakani. Fundi wa pili, mzee mtaratibu, hakugusa kontroli boksi kwanza. Alianza na umeme. Alipima volti zinazoingia kwenye kisanduku huku starta ikizunguka, kwa sababu betri hafifu au waya wa athi ulioshika kutu huweza kukifanya kionekane kimekufa. Zilikuwa sawa. Kisha akazima kila kitu na kupima ukinzani kati ya zile nyaya mbili za CAN. Mita ikasoma omu 60. Hiyo ndiyo sahihi, maana kila mwisho una kizuizi cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba hutoa 60.

Hapo nikaomba kuona orodha ya makosa. Karibu yote yalisema jambo moja: sensa hii, volti iko chini, sensa ile, volti iko chini. Kwetu sisi, makosa 11 yanayofanana huwa ni kosa moja lenye sauti 11. Sensa nyingi za injini hulishwa volti 5 na kontroli boksi yenyewe. Sensa moja tu ikipiga shoti, huweza kuzizimisha wenzake, na lawama yote ikaangukia kisanduku.

Basi tukachomoa sensa moja moja huku mita ikisubiri volti 5 zirudi. Hazikurudi. Tukapima nyaya, hazikuwa na shoti. Mwishowe tukakipa kisanduku umeme na athi tu, bila kitu kingine. Bado tulipata volti 0.7. Tulipokifungua, raba ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka, na ndani kumeota kutu ya kijani.

Kumbe fundi wa kwanza alipatia! Lakini alipatia kwa kubahatisha. Angefunga kisanduku kipya na kuacha maji yakiteremka kwenye waya uleule, nacho kingeoza.

Tukanunua kisanduku kilichotumika, chenye namba ileile ya kipuri. Tukakifunga. Injini ikakataa kuwaka, kwa sababu kisanduku hakikuutambua ufunguo. Ndani yake kulikuwa na siri za lori jingine: ufunguo wake, vipimo vya injekta zake, nguvu ya injini yake. Ikabidi tupate fundi wa elektroniki Mombasa asome kumbukumbu ya kile cha zamani, aiandike kwenye hiki.

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilimwomba asome mara tatu, nikalinganisha mafaili baiti kwa baiti. La kwanza lilitofautiana na la pili. Miguu ya chipu ilikuwa na uchafu. Tukaisafisha, tukasoma tena mara tatu, yakalingana. Tungeandika lile la kwanza, tungeharibu kisanduku cha pili pia.

Lori liliwaka. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya mwanzo.

Mwaka 2012 wapigakura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwauzia mafundi wa nje taarifa za ukarabati wanazowapa mawakala wao. Nilikuwa nikidhani huo ni ubishi wa matajiri, hadi nilipomwona mjomba amekaa juu ya tairi akihesabu siku zilizobaki kabla benki haijapiga simu. Lori ni lake, deni ni lake, ila faili linaloliwasha hakuwahi kuliona.

Ukiwa na lori, nakushauri hivi: litafutie fundi likiwa zima, asome kumbukumbu ya kontroli boksi, uhifadhi nakala mahali pawili. Mjomba ameweka moja nyumbani, ndani ya bahasha ileile ya kitabu cha umiliki. Nyingine ninayo mimi. Tukutane wiki ijayo.