Chipu za Bafa na Ubadilishaji wa Viwango vya Mantiki: Tafakuri ya Kihistoria kwa Mfano wa Wilaya za Tarime na Serengeti

Historia ya elektroniki ya kidijitali huelezwa aghalabu kama msururu wa uvumbuzi ambamo kipya hukifuta cha zamani. Makala haya yanadai kinyume: vizazi vya saketi huishi pamoja, na chipu ya bafa, inayopokea ishara kwa volti ya kizazi kimoja na kuitoa kwa volti ya kingine, ni ushahidi wa hali hiyo.

Mwaka 1964 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza familia yake ya TTL, na toleo la 7400 likafuata mwaka 1966. Familia hiyo ilitumia volti 5. Kiingizo chake kilisoma “1” kuanzia volti 2.0 na “0” chini ya volti 0.8. Mwaka 1968 RCA ilileta familia ya 4000 ya CMOS, iliyotumia nishati kidogo mno na kuvumilia hadi volti 15. Ugumu wa kuziunganisha haukuwa wa volti pekee. Kiingizo cha TTL kikiwa “0” kilihitaji kupitishiwa hadi miliampea 1.6, mkondo uliozidi uwezo wa mlango wa kawaida wa CMOS. Bafa za 4009 na 4010 ziliziba pengo hilo, lakini zilidai vyanzo viwili vya umeme. Warithi wake, 4049 na 4050, walitosheka na kimoja, na viingizo vyao vilipokea volti iliyozidi ile ya chanzo.

Vichakataji viliposhuka hadi volti 3.3, tatizo liligeuka. Chipu ya 74HC kwenye volti 5 hudai volti 3.5 ili kusoma “1”, kiwango ambacho volti 3.3 haikifikii. Chipu ya 74HCT, iliyohifadhi kizingiti cha volti 2.0 cha TTL, huipokea ishara hiyo bila shida.

Tarime na Serengeti zinaudhihirisha mchanganyiko huu. Mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ni wa aina ya viwanda ambavyo udhibiti wake kwa desturi hutumia volti 24. Kwa upande wa Serengeti, kamera za TrailGuard AI dhidi ya ujangili, zilizotangazwa mwaka 2019 baada ya majaribio Grumeti, zilibeba kichakataji cha Intel kinachoendeshwa kwa betri, hivyo kwa volti ndogo.

Fundi anayeunganisha kihisi kipya na kifaa cha zamani bila bafa huenda asipate ukimya bali taarifa ya uongo, kwa kuwa ishara iliyo kati ya volti 0.8 na 2.0 haina maana ya uhakika. Kwa askari wa wanyamapori, tofauti hiyo ni kati ya tahadhari ya kweli na safari ya bure.

Kwa hiyo, mtafiti wa teknolojia wilayani asiorodheshe tu vifaa vilivyowasili. Achunguze pia viungo vilivyowezesha vya zamani kuendelea kutumika, kwani humo ndimo ilimo historia ya watumiaji wenyewe.