Mashapo ya Msalato: Anders Rapp na Urithi wa Vipimo vya Mmomonyoko Dodoma

Bwawa la Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1944 ili kukinga maji. Wanajiografia wanalikumbuka zaidi kwa kilichotuama chini ya maji hayo. Mwaka 1972 jarida la Kiswidi la Geografiska Annaler lilichapisha makala ya Anders Rapp, D. H. Murray-Rust, Carl Christiansson na Len Berry kuhusu mmomonyoko na mashapo katika maeneo ya mabwawa manne karibu na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Imagi na Msalato. Tarakimu za makala hiyo zimenukuliwa tangu hapo katika maandiko mengi ya hifadhi ya udongo Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba ushawishi wa Rapp ulipita njia mbili ambazo kwa muda mrefu hazikukutana. Tarakimu zake zilipokewa haraka na waliotaka hatua. Fundisho lake kuu, kwamba kinachoonekana zaidi huenda kisiwe kinachobomoa zaidi, lilikawia karibu kizazi kizima kabla ya kufika kwenye mipango ya ardhi.

Fundisho hilo Rapp (1927–1998) alifika nalo Dodoma. Jina lake alilijenga katika bonde la Kärkevagge, kaskazini kabisa mwa Uswidi, ambako kati ya mwaka 1952 na 1960 alipima kila aina ya mwendo wa miteremko: mawe yanayodondoka kutoka majabalini, maporomoko ya theluji, mitiririko ya tope, udongo unaotambaa bila mtu kuuona. Bonde limezungukwa na kuta za mawe, na mgeni angeapa kwamba mawe ndiyo yanayofanya kazi yote. Hesabu ya Rapp ilitoa jibu jingine. Kilichoongoza kwa kuhamisha mlima kilikuwa chumvi zilizoyeyuka katika maji ya vijito, maji ambayo ukiyachota yanaonekana safi. Baada ya kazi hiyo kuchapishwa mwaka 1960, taaluma iliyokuwa ikiridhika na kueleza maumbo ya nchi ilianza kudaiwa vipimo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja Tanzania chini ya mradi wa pamoja wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, uliojulikana kama DUSER. Uwanda wa kati ulimfaa mtu wa aina yake. Mvua ni kidogo, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vishindo vya saa chache juu ya ardhi ambayo kiangazi kimeiacha tupu. Vilima vya itale vinasimama peke yake, chini yake kuna miteremko mipana ya udongo mwekundu, kisha mbuga za mfinyanzi mweusi. Hapakuwa na kumbukumbu ndefu za mito za kutegemea, kwa hiyo timu ilitumia mabwawa kama vyombo vya kupimia. Ilikadiria ujazo uliokuwapo bwawa lilipojengwa, ikapima uliobaki, na tofauti ikahesabiwa kuwa mashapo. Juu kwenye miteremko walisoma mizizi ya miti iliyoachwa hewani na vichuguu vya udongo vilivyosalia chini ya vichaka, wakailinganisha nchi waliyoiona na picha za anga za miaka ya nyuma.

Jibu lilifanana na la Kärkevagge kwa namna ya kushangaza. Makorongo ya Dodoma yanatisha, na mtu akitaka kuonyesha mmomonyoko hukimbilia kuyapiga picha. Timu ilihitimisha kwamba sehemu kubwa ya udongo ilitoka kwingine: matone ya mvua yanayopiga ardhi isiyo na majani, na maji mepesi yanayotandaa mteremkoni na kubeba tabaka nyembamba ambalo mkulima hawezi kulitofautisha kati ya msimu na msimu. Korongo lilikuwa mchangiaji wa pili. Hili liliungana vizuri na kazi ya zamani zaidi ya Mpwapwa, ambako R. R. Staples alianza kupima mtiririko kwenye vitalu vya majaribio katika miaka ya 1930. Kitalu kitupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yote iliyokiangukia. Kitalu chenye kichaka kisicholishwa mifugo hakikupoteza hata asilimia 1. Tofauti ilikuwa kifuniko cha ardhi. Mteremko ulikuwa uleule.

Tuzikague sasa tarakimu zenyewe, kwa kuwa zimesomwa vibaya mara nyingi. Ikowa, ambayo eneo lake la kukusanya maji linazidi kilomita za mraba 600, ilipokea mita za ujazo 200 hivi za mashapo kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Msalato, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba 10, ilipokea karibu 400. Matumbulu, yenye eneo dogo pia, ilizidi 700. Msomaji mwenye haraka atasema ardhi ya Ikowa ni nzima kuliko ya Matumbulu. Hasha. Kadiri eneo linavyopanuka ndivyo udongo unavyopata mahali pa kutua kabla ya kufika bwawani: chini ya mteremko, kwenye mbuga, katika kitanda cha mto wa mchanga. Bwawa hupima udongo uliofika, na ule uliokwama njiani haumo kwenye hesabu. Pamoja na kiwango chake kidogo, Ikowa ilikadiriwa kudumu miaka ipatayo 30 tu, kwa sababu eneo linaloilisha ni kubwa mno kwa ujazo wake. Waandishi wa 1972 walilijua hilo na walilieleza. Walionukuu baadaye walichukua tarakimu na kuacha maelezo, desturi ambayo haijaisha katika ripoti za mazingira za leo.

Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ndiko Rapp alikokutana na mfano wa kinyume. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa chache iliangusha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Yeye na Paul Temple walikuta kwamba machache sana yalianzia msituni. Mengi yalitoka kwenye mashamba na nyasi. Huko tukio moja kubwa lilikuwa na uzito wa miaka mingi ya mvua za kawaida. Kwa hiyo si haki kumgeuza Rapp kuwa nabii wa mambo yasiyoonekana peke yake. Alichodai ni kwamba kila mahali papimwe kwa hali yake.

Mwaka 1973 mambo mawili yaliipata Dodoma. TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi huko, na serikali, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, chini ya wataalamu wa misitu. Mradi ulikuwa na wazazi wengi, ikiwamo kumbukumbu ya kampeni za kikoloni za kuhifadhi udongo Kondoa. Miaka yake ya kwanza ilikwenda kwenye vitu vya kuonekana: matuta ya kontua yaliyochimbwa kwa mashine, miti iliyopandwa kwa safu, makorongo yaliyozibwa. Matokeo yalikuwa haba. Ndipo mwaka 1979 ikaja amri ya kuondoa mifugo yote, inayokadiriwa kufika 90,000, katika eneo lililomomonyoka la Kondoa lenye kilomita za mraba 1,256. Mwaka 1986 tarafa ya Mvumi ikafuata.

Majani yalirudi, na yalirudi upesi. Mito ya mchanga ilipungua upana, na watu wakapata mashamba ya viazi vitamu na mboga kwenye mabonde yaliyotulia. Wilhelm Östberg aliyaeleza mabadiliko hayo mapema, mwaka 1986. Hata hivyo sikubali kwamba matokeo hayo yanathibitisha ng'ombe alikuwa chanzo. Yanathibitisha kilichojulikana Mpwapwa tangu zamani, kwamba ardhi iliyofunikwa haiendi popote. Mnyama aliondolewa kwa kuwa ndiye aliyeonekana juu ya mteremko, na gharama ikabebwa na kaya zilizokosa maziwa na samadi, pamoja na wilaya jirani zilizopokea mifugo iliyohamishwa. Ruhusa ya kufugia ndani ilipokuja miaka kumi hivi baadaye, kazi ya kukata majani na kuyabeba iliangukia kwa kiasi kikubwa wanawake.

Warithi wa Rapp ndio waliorekebisha hesabu. Christiansson, katika kazi yake ya 1981, aliendelea na mabonde yaleyale ya Dodoma na kuiweka historia ya binadamu katikati ya vipimo. Idris Kikula, ambaye mwaka 2007 alikuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alionyesha katika kitabu chake cha 1997 kwamba kuhamishia watu vijijini kuliongeza shinikizo kwenye ardhi iliyozunguka makazi mapya. Kosa kwa hiyo lilikuwa pia la sera. Mats Eriksson na wenzake waliyapima mashapo ya Kondoa kwa mbinu ya mwanga inayokadiria umri wake na kukuta mmomonyoko ulikwisha kushika kasi karne nyingi kabla ya mkoloni. Kutoka ndani ya HADO yenyewe, Wendelen Mlenge alikwenda Shinyanga kuongoza HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi wa huko. Huko, baada ya kuona udhaifu wa kupanda miti kwa amri, mradi uliegemea ngitili za Wasukuma, yaani malisho yanayotengwa ili yapumzike, na mamia ya maelfu ya hekta yakaota upya. Hata katika Chuo Kikuu cha Lund, ambako Rapp alikuwa profesa, Ulf Helldén na Lennart Olsson walitumia picha za satelaiti za Sudan kupinga dai la jangwa linalosonga kusini mwaka hadi mwaka. Rapp mwenyewe alikuwa ameandika kuhusu kuenea kwa jangwa Afrika mwaka 1974. Mwanasayansi ambaye idara yake inazalisha wapinzani wenye vipimo amefanikiwa kuliko yule anayenukuliwa bila kuulizwa swali.

Msalato ya leo inajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6, na jiji linapanuka kuelekea barabara ya Kondoa, upande uleule wa visima vya Makutupora vinavyoinywesha Dodoma. Mwaka 2013 Richard Taylor, Lister Kongola na wenzao walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya kumbukumbu za visima hivyo. Walikuta kwamba maji ya ardhini hujazwa na misimu michache ya mvua kali, na msimu mmoja wa 1997/98 ulichangia karibu sehemu moja ya tano ya ujazaji wote. Mvua inayochukua udongo ndiyo inayojaza kisima. Mtaro unaoharakisha maji ili kuokoa barabara unaweza kupunguza yanayozama, na kiasi kinachopotea kinaweza kupimwa sasa, bonde kwa bonde, kabla lami na zege havijatandazwa. Kwa bahati mbaya bajeti hufuata daraja lililokatika, kwa kuwa ndilo linalopigwa picha.