Watoto waliochapisha hadithi zao wenyewe
MWALIMU Célestin Freinet wa Ufaransa aliingiza mtambo mdogo wa kuchapia darasani mwake kijijini Bar-sur-Loup mwaka wa 1924. Wanafunzi walisimulia mambo waliyoyaona, wakachagua hadithi moja, wakaisahihisha pamoja, kisha wakapanga herufi moja moja.

Picha walizichonga kwenye bamba laini la linoleamu: palipochongwa hubaki peupe, palipoachwa hushika wino. Mwaka wa 1926 walianza kubadilishana kurasa na shule ya Trégunc, eneo la Brittany.

Freinet aliamini mtoto huandika vyema akijua yupo atakayemsoma. Hata hivyo, kusomwa kuna gharama. Maandishi ya wanafunzi yalichochea mzozo Saint-Paul mwaka wa 1932. Freinet akaacha shule za serikali, akafungua yake Vence mwaka wa 1935.