Nani Kamuua Mtoto?

Gome la mti wa mwavi lilitwangwa, likatiwa majini, mtuhumiwa akapewa anywe mbele ya watu. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, sumu iliingia moyoni, akaanguka na kufa, na kifo chake kikahesabiwa kuwa ndio ushahidi. Katika karne ya 19 hukumu hii ilijulikana katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa, na David Livingstone aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1857 baada ya kuikuta upande wa Zambezi. Kilichowakusanya watu kuzunguka chungu cha mwavi kwa kawaida kilikuwa msiba. Mzee akifa, umri wake ulitosha kuwa jibu. Mtoto aliyekuwa akikimbizana na wenzake jana, akafa leo, hakuacha jibu lolote, na ukoo haukuwa tayari kumzika pamoja na swali.

Katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma kusini mwa Tanzania, swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya jinsi watu walivyokaa. Wamatengo walisukumwa kwenye miinuko hiyo na uvamizi wa Wangoni katikati ya karne ya 19, wakajifunza kulima kwa ngolo, yale mashimo yanayoshika maji na udongo kwenye miteremko mikali. Ardhi iligawanywa kwa ntambo, yaani mlima mmoja au ubavu wake chini ya ukoo mmoja. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwenye sengu, na hapo hapo ndipo mashauri yalipokatwa. Jirani alikuwa baba mdogo, shangazi, mke wa kaka. Kwa hiyo uvumi ulipoanza kwamba mtoto hakufa hivi hivi, haukumfuata mgeni. Uliwafuata waliokula kwenye chungu kimoja na marehemu, waliogombania mpaka wa shamba, au mwanamke aliyeolewa kutoka ntambo nyingine ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea.

Chini ziwani, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, Wanyasa na Wamanda waliishi kwa uvuvi na mihogo, na joto la pwani ile ni jingine kabisa na baridi ya Litembo. Huko mbu walikuwa wengi na homa ilikuwa nyingi. Mtoto alipopatwa na degedege, macho yakageuka na mwili ukakakamaa, wengi waliamini ameguswa na pepo au kivuli cha ndege. Leo kila mhudumu wa zahanati anajua kwamba degedege nyingi za namna hiyo hutokana na malaria kali. Zamani, saa chache kati ya homa ya asubuhi na kifo cha jioni zilitosha kumfanya mtu yeyote aliyepita karibu na nyumba aonekane ana lake.

Kabla ya jirani kushukiwa, alishukiwa mama. Hadi leo Tanzania nzima inalijua neno kubemenda: mtoto anayenyonya anadhoofika, nywele zinakuwa nyekundu, tumbo linajaa, na watu wanasema wazazi hawakujizuia, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wachewa, imani inayofanana nayo huitwa mdulo. Dalili zile zile ndizo Cicely Williams, daktari aliyefanya kazi Gold Coast, alizieleza mwaka 1933 na kuziita kwashiorkor miaka miwili baadaye, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa chakula kisicho na protini ya kutosha. Jina la hospitali halikufuta lile la kijijini. Mama aliyemzika mwanawe alibaki akipimwa: amelia kiasi gani, alikuwa wapi usiku ule, mbona alichelewa kwenda kwa mganga, mbona aliwahi sana. Katika historia yote ya tuhuma, hii ndiyo sehemu inayoumiza zaidi, kwa sababu iliangukia mtu ambaye tayari amepoteza.

Waingereza waliokabidhiwa Tanganyika baada ya Wajerumani waliikuta hali hii na wakaiwekea sheria. Nyasaland, Malawi ya leo, ilikuwa na yake tangu 1911. Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922, ikaiandika upya mwaka 1928. Kupiga ramli ya kumtaja mchawi na kunywesha mwavi vikawa makosa. Wakati huo huo sheria ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa kwa uchawi ahamie na kukaa mahali atakapopangiwa. Hapo kuna mgongano ambao haukutatuliwa kamwe. Serikali ilisema uchawi ni dhana tu, lakini ikakubali kumhamisha mtu kwa sababu ya dhana hiyo. Vijijini watu waliona jambo jingine: aliyethubutu kumtaja mchawi ndiye anayefungwa, na anayetajwa analindwa na askari. Malalamiko hayo yalisikika katika makoloni mengi ya Afrika, na ukiyasoma bila haraka unaelewa kwamba hayakuwa ya watu wakatili. Yalikuwa ya watu walionyang'anywa njia yao ya kumaliza jambo, wasipewe nyingine.

Njia nyingine ilikuja yenyewe, kutoka kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana walianza kutoka Nyasaland, upande wa Mlanje, wakibeba dawa iliyoitwa mchape. Walivaa kizungu, walitembea kijiji hadi kijiji, na ndani ya muda mfupi wakawa wamevuka hadi Rhodesia ya Kaskazini, Msumbiji na kusini mwa Tanganyika. Mtaalamu wa jamii Audrey Richards aliwaona wakifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yake ya mwaka 1935 ndiyo yanayotajwa zaidi. Kijiji kizima kilipangwa mstari. Kila mtu alipita nyuma ya mwenye dawa, naye alitazama kwenye kioo kidogo kuona nani ana hatia. Pembe, hirizi na vibuyu vilitolewa majumbani na kurundikwa. Kisha wote, mwenye hatia na asiye nayo, walikunywa maji mekundu yenye povu kama ya sabuni, na waliambiwa kwamba atakayerudia uchawi baada ya kunywa atavimba na kufa.

Tofauti ya mchape na mwavi ni kubwa. Mwavi ulikuwa na maiti mwishoni. Mchape uliacha kila mtu hai, akirudi kwenye nyumba yake na shamba lake, na jirani zake wakiwa na sababu ya kumwamini tena. Msiba wa mtoto uliokuwa umegawa ukoo ulifungwa kwa siku moja, mbele ya watu wote, bila mtu kuchimbiwa kaburi. Dawa yenyewe haikuponya malaria wala surua, na mwaka uliofuata watoto waliendelea kufa. Lakini kwa muda, mama mkwe na mke wa mwana waliweza kusalimiana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili akatokea Chikanga, jina la kazi la Lighton Chunda, huko Rumphi kaskazini mwa Malawi ya leo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1964 hivi watu walimfuata kutoka nchi kadhaa, Tanganyika ikiwemo. Alison Redmayne, aliyekuwa akiwachunguza Wahehe, aliandika jinsi wakazi wa Iringa walivyosafiri mamia ya kilomita kwenda kwake, mara nyingi mtuhumiwa na aliyemtuhumu wakiwa safari moja. Baadaye, upande wa Ulanga, kijiji cha Ihowanja kikapata umaarufu kwa mganga mwanamke aliyejulikana kama Bibi Kalembwana. Maia Green aliyefanya utafiti huko ameeleza kazi yake: walionyolewa walikuwa wote wawili, anayeshukiwa na anayemshuku, kisha walipewa dawa na kurudi nyumbani wakiwa na vichwa vitupu. Uamuzi huo wa kumnyoa pia mshitaki una busara ambayo mahakama nyingi hazina. Unakubali kwamba tuhuma yenyewe ni uchafu unaowashika watu wawili, na kwamba kumsafisha mmoja tu ni kuandaa ugomvi wa kesho.

Pale ambapo njia hizo zilikosekana au zilidharauliwa, hesabu ilikuwa ya kutisha. Kati ya 1970 na 1984 serikali ya Tanzania ilihesabu vifo zaidi ya 3,600 vilivyohusishwa na tuhuma za uchawi, sehemu kubwa Usukumani, na wanawake walizidi wanaume kwa mbali. Ruvuma haikuwa kitovu cha maafa hayo. Hata hivyo shuku si jambo la kubuni kila mara. Mwanzoni mwa 2019, mkoani Njombe, jirani wa Ruvuma kwa upande wa kaskazini, watoto walitekwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, na polisi waliwakamata watuhumiwa. Wazazi waliowasindikiza wanao shuleni kwa miguu asubuhi zile hawakuwa wajinga. Kuna wauaji wa watoto. Ugumu wote uko katika kuwatofautisha na wafiwa.

Ugumu huo sasa umepanda gari. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 67, imetiwa lami, na magari madogo yaliyokuwa adimu sasa yanaegeshwa nje ya maduka, makanisa na maghala ya kahawa. Mtu wa Mbinga anaweza kudhani hatari ya mtoto kufungiwa garini ni ya nchi za jangwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba hata siku yenye nyuzi 22 tu nje, ndani ya gari lililofungwa juani joto laweza kufika nyuzi 47 katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Nyuzi 22 ni siku ya kawaida kabisa Mbinga, na ziwani ni zaidi ya hapo. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Marekani imezika watoto zaidi ya 900 kwa njia hii tangu 1998, wastani wa 37 hivi kwa mwaka, na zaidi ya nusu walisahauliwa na mtu aliyewapenda. Mwezi Juni 2014, katika jimbo la Georgia, mtoto wa miezi 22 alibaki garini saa saba hivi wakati baba yake yuko kazini. Nchi nzima ikawa baraza. Kesi ilihamishiwa wilaya nyingine kwa sababu mahali ilipotokea haikuwezekana kupata wazee wa baraza wasiokuwa na uamuzi tayari. Baba alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016, na sehemu ya ushahidi ilikuwa ujumbe aliokuwa akiwaandikia wanawake siku ile. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Georgia ilitengua hatia ya mauaji kwa maelezo kwamba ushahidi huo wa uzinzi uliwachafulia wazee wa baraza mawazo, na mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakaamua kutofungua upya shtaka hilo. Mtu aliyelelewa kusini mwa Tanzania akisikia kwamba uzinzi wa mzazi ulitumika kueleza kifo cha mtoto, haoni ugeni wowote.

Wala asingeona ugeni wowote akisikia jinsi Lindy Chamberlain alivyofungwa Australia mwaka 1982 kwa kifo cha binti yake Azaria, huku mitaani watu wakimsema kwamba hakulia kama mama anavyopaswa kulia. Aliachiwa 1986, akafutiwa hatia 1988, na ilipofika 2012 ndipo mchunguzi wa vifo akaandika rasmi kwamba mtoto alichukuliwa na mbwa mwitu wa huko. Miaka 32 tangu mtoto afe. Nako Badagry, Nigeria, Desemba 2021, watoto wanane walikutwa wamekufa ndani ya gari lililoegeshwa muda mrefu, na kabla ya uchunguzi kufika mbali mtaa ulikuwa tayari unazungumzia makafara.

Kuna jambo moja ambalo takwimu za Tanzania zinalidokeza. Mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Vyandarua, chanjo ya surua, hospitali kama za Litembo, Liuli na Peramiho, na akina mama waliowahi zahanati wamefanya kazi hiyo. Katika kijiji ambacho karibu kila nyumba ina kaburi dogo, msiba mmoja zaidi una wenzake. Kifo kinapokuwa adimu, nyumba iliyopatwa inasimama peke yake mbele ya macho ya wote, na ni rahisi zaidi kuuliza imefanya nini. Maendeleo ya afya hayajaondoa tuhuma, na pengine yameipa makali mapya.

Sheria mbili zinakutana katika jambo hili wilayani Mbinga na Nyasa leo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, bado ipo. Ipo pia Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, Sura ya 24, inayomtaka hakimu atafute marehemu ni nani, amekufa lini, wapi na kwa njia gani. Ya kwanza imetumika kumhamisha mtu. Ya pili ndiyo inayoweza kumrudisha, lakini kwa sharti moja ambalo mchape na vinyozi wa Ihowanja walilijua vizuri: lazima uchunguzi ufanyike mbele ya watu. Taarifa ya daktari inayobaki ndani ya faili Songea haimsaidii mama aliyeko Lituhi. Hakimu au mtu wake anapaswa kufika kijijini na kuyasoma majibu kwa Kiswahili cha kueleweka, mbele ya ukoo wa mke na ukoo wa mume, kabla ya arobaini ya mtoto.