Bure si Huria: Zana za Mwalimu kutoka Redio ya Kijiji hadi Kishikwambi

Kila muhula walimu walioko masomoni huniuliza swali moja: ni tovuti gani nzuri za bure za kuwasaidia kuandaa masomo? Ni swali la haki. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki, darasa la wanafunzi wengi na kitabu kimoja cha kiada hana anasa ya kuchagua, huchukua kinachopatikana. Hata hivyo, nimejifunza kulijibu swali hilo kwa historia kabla ya kulijibu kwa orodha, kwa sababu orodha hubadilika kila mwaka, ilhali swali la nani anamiliki zana za mwalimu lina umri wa zaidi ya nusu karne katika nchi yetu. Asiyelijua swali hilo huishia kujenga nyumba yake katika kiwanja cha watu.

Tuanze nyumbani. Mwezi Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwishoni mwa 1977. Hesabu ilikuwa ngumu: watoto walikuwapo, walimu hawakuwapo, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa kasi hiyo. Jibu lilikuwa mpango wa mafunzo ya ualimu kwa njia ya masafa ulioanza mwaka 1976. Vijana waliomaliza darasa la saba walipangiwa shule za vijijini, wakafundisha huku wakisoma: vijitabu vya masomo, vipindi vya Redio Tanzania, wakufunzi waliowazungukia, na kipindi kifupi chuoni mwishoni. Zaidi ya vijana 40,000 walisajiliwa kabla mpango haujakoma katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980.

Mpango huo haukuibuka kutoka hewani. Ulitanguliwa na kampeni za redio za elimu ya watu wazima, na kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya taifa ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Jirani zetu wa Kenya nao, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, walikuwa wakiwaendeleza walimu wasio na sifa kwa masomo ya posta na redio yaliyoandaliwa na kitengo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichokuwa Kikuyu.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Ubora wa ualimu ule ulilalamikiwa tangu siku ya kwanza, na malalamiko mengi yalikuwa na msingi. Uchumi ulipoyumba baada ya Vita vya Kagera, betri za redio ziliadimika, karatasi zikakosekana, na mkufunzi hakuwa na mafuta ya kumfikisha kijijini. Lakini tuzingatie jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Maudhui yote yale yaliandikwa hapa, kwa Kiswahili, na watu waliolipwa na umma ili umma uyatumie. Mwalimu aliyenakili kijitabu kwa stensili na kukigawa kwa wenzake hakuonekana mwizi. Alionekana mtu anayefanya kazi yake.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipofungua milango ya uchapishaji wa vitabu vya shule kwa kampuni binafsi. Zipo faida zilizopatikana: vitabu viliongezeka na waandishi wakapata soko. Lakini kitabu kiligeuka bidhaa, na mwalimu akageuka mnunuzi. Mwongo uliopita dola ilirudisha kazi hiyo mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Kwa hiyo, katika maisha ya kazi ya mwalimu mmoja, umiliki wa zana zake ulitoka kwa umma, ukaenda sokoni, ukarudi serikalini. Katika safari zote tatu, hakuna aliyemuuliza mwalimu anaruhusiwa kufanya nini na zana hizo.

Swali hilo la ruhusa ndilo lililozaa vuguvugu jingine mbali na hapa. Mwaka 1971 Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alipewa muda wa kutumia kompyuta kubwa ya chuo. Akachapa humo Tangazo la Uhuru la Marekani na kulitoa kwa yeyote aliyelitaka. Hiyo ndiyo asili ya Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha. Mwaka 1998 David Wiley alianza kutumia istilahi ya maudhui huria, akiazima fikra kutoka kwa waandishi wa programu za kompyuta. Mwezi Aprili 2001 chuo cha MIT kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni nyenzo za kozi zake bila malipo. Kozi 50 za mwanzo zilitoka mwaka uliofuata. Na Desemba 2002 shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza, ambazo humwezesha mwandishi kutamka mapema, kwa lugha inayotambulika kisheria, nini wengine wanaruhusiwa kufanya na kazi yake.

Julai ya mwaka huohuo wa 2002, UNESCO iliitisha mkutano mjini Paris kujadili manufaa ya nyenzo hizo kwa elimu ya juu katika nchi zinazoendelea. Hapo ndipo jina la rasilimali huria za elimu lilipozaliwa. Msomaji atafakari: istilahi yenyewe ilibuniwa watu wakizungumza juu yetu. Fedha za kuanzishia mradi wa MIT zilitoka kwa wakfu za Hewlett na Mellon. Sisemi hivyo kwa kubeza. Nasema hivyo kukumbusha kwamba hakuna kinachotolewa bure ambacho hakikulipiwa na mtu, na mlipaji ndiye huamua nini kiandikwe, kwa lugha gani, na kwa mtoto wa wapi.

Tukifika hapa tunaweza kutenganisha maneno mawili ambayo Kiswahili chetu cha kila siku huyachanganya. Kitu cha bure ni kile usichotozwa fedha leo. Kitu huria ni kile ulichopewa haki ya kukihifadhi, kukinakili, kukirekebisha, kukitafsiri na kukigawa kesho, hata kama mwenyewe atabadili nia. Tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao.

Tazama Edmodo. Jukwaa hilo lilianzishwa Marekani mwaka 2008, likavuta mamilioni ya walimu na wanafunzi duniani, likauzwa kwa kampuni ya NetDragon mwaka 2018, na Septemba 2022 likafungwa. Mazoezi, mijadala na madarasa yaliyojengwa humo kwa miaka yalihitaji kuhamishwa au kupotea. Jamboard ya Google, ubao ambao walimu wengi waliuzoea wakati wa UVIKO-19, ulifungwa mwishoni mwa 2024. GeoGebra, programu nzuri ya hisabati iliyoanza kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter huko Salzburg, ilinunuliwa mwaka 2021 na kampuni ya Byju's ya India. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikaingizwa katika mashauri ya ufilisi. GeoGebra ingali inatumika, na ninaipendekeza kwa kila mwalimu wa hisabati, lakini hatima yake ilijadiliwa katika vyumba ambavyo hakuna mwalimu aliyekaribishwa. Wahenga walishasema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa upande wa pili zipo zana zilizojengwa kwa namna tofauti. TESSA, mpango ulioanzishwa mwaka 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwamo, una nyenzo za mafunzo ya ualimu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na mwalimu anaruhusiwa kuzirekebisha zifanane na mazingira yake. African Storybook, iliyofungua milango mwaka 2014 ikiratibiwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Kiafrika. Ukitaka kuitafsiri hadithi ya Kizulu kwa Kiswahili, au ya Kiswahili kwa Kisukuma, huhitaji kumwandikia mtu barua. Majaribio ya sayansi ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, yametafsiriwa kwa lugha nyingi na yanaweza kupakuliwa yakatumika bila intaneti. Shule isiyo na maabara ina sababu ya kuyajua. Kolibri nayo ni programu inayokusanya masomo, video na mazoezi katika kompyuta moja ya shule, kisha simu na vishikwambi vilivyo karibu vikasoma humo bila bando.

Hiyo ndiyo orodha walimu wangu waliyoiomba, na ni orodha ya kuanzia tu. Lakini ningekuwa nimewadanganya kama ningeishia hapo, kwa maana iko sehemu ya mtaala wetu ambayo hakuna Colorado wala Massachusetts itakayotuandikia.

Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa Januari 2024, na miongoni mwa mapya yake ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Mwalimu wa somo hilo atapata wapi ramani ya njia za biashara za Unyamwezi, picha za Vita vya Majimaji zenye maelezo sahihi, au maswali ya kumfanya kijana afikiri juu ya Azimio la Arusha badala ya kulikariri? Hawezi kuazima. Ama tuandike sisi, au mwalimu abaki na kitabu kimoja na ubao.

Na vyombo vya kumfikishia tunavyo kuliko tulivyowahi kuwa navyo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. TET ina maktaba yake ya mtandaoni. Vituo vya Walimu bado vipo katika kata nyingi, ingawa vingine vimegeuka stoo. Miaka ya 1970 tulikuwa na maudhui yetu, tukashindwa na betri. Leo betri ipo, na tunachokosa ni maudhui yetu pamoja na ruhusa ya kuyatumia.

Ruhusa ndiyo nusu ya tatizo iliyo rahisi zaidi kutibu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi hulindwa tangu inapoandikwa, iwe na alama ya hakimiliki au isiwe nayo. Maana yake ni kwamba kitabu kilichoandikwa kwa kodi ya wananchi na kuwekwa mtandaoni pasipo leseni iliyo wazi ni cha kusomwa bure tu. Mwalimu anayekata sura moja, akaongeza mfano wa kijiji chake na kuwagawia wenzake, anatembea gizani kisheria. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa walioandika moduli za walimu kwa mradi mmoja wa wafadhili. Mradi ulipokwisha tovuti ilizimwa, na kwa kuwa mkataba haukutaja leseni yoyote, sisi waandishi wenyewe hatukuwa na haki ya kuzitoa tena. Moduli hizo zimelala katika kompyuta za watu watano au sita.

Mwezi Novemba 2019, nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Rasilimali Huria za Elimu, linalozihimiza serikali kuweka sera za kuzijenga na kuzidumisha. Kwetu ningependa sera hiyo iwe na mambo matatu mepesi. Kwanza, nyenzo yoyote ya kufundishia iliyogharimiwa na fedha za umma au za mfadhili kwa jina la umma itolewe kwa leseni huria, na sharti hilo liandikwe katika mkataba kabla ya senti ya kwanza kulipwa. Pili, nyenzo hizo zipakiwe katika vishikwambi na katika kompyuta za Vituo vya Walimu, ili mwalimu wa Tunduru asihitaji bando kuandaa andalio la somo. Tatu, mwalimu anayeandika au kutafsiri alipwe, jina lake liwekwe, na kazi hiyo ihesabiwe katika kupandishwa daraja.

Najua pingamizi litakalokuja: mwandishi atakula nini? Atakula malipo ya kazi yake, mara moja na kwa kiwango cha haki, kama walivyolipwa walioandika vijitabu vya 1973. Anayetaka kuandika kwa ajili ya soko hakuna anayemzuia. Wengine watahofia upotoshaji: kila mtu akirekebisha, nani atajua nakala sahihi? Nakala rasmi ibaki TET, yenye muhuri wake. Marekebisho ya mwalimu yabebe jina la mwalimu.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, sentensi moja katika rasimu ya mkataba ulio mezani kwako yaweza kuokoa kazi ya miaka mitatu. Kwa mwanaharakati, dai la leseni halina mvuto wa maandamano, lakini linagusa kila darasa. Na kwa mwanafunzi wa ualimu: zitumie zana za bure, lakini kabla hujaweka kazi yako ndani ya chombo chochote, uliza kama unaweza kuitoa. Kama jibu ni hapana, weka nakala kwako.