Kiyama, Hukumu na Wokovu katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Msafiri atokaye Karatu kwenda kusini hupanda kwanza nyanda za juu za Mbulu, nchi ya Wairaqw, kisha hushuka hatua kwa hatua hata tambarare za Basotu na Katesh, chini ya mlima Hanang wenye kimo cha mita zaidi ya 3,400, ambako Wabarabaig, walio tawi la Wadatoga, wamechunga ng'ombe wao tangu zamani. Njiani atasikia Kiiraqw, kilicho lugha ya Kikushi. Atasikia Kidatoga, kilicho lugha ya Kiniloti. Na akigeuka kuelekea bonde la Yaeda atasikia Kihadza chenye sauti za vidoko, ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu wa hakika. Wabantu wako pembeni, kwa Wanyaturu na Wanyisanzu wa upande wa magharibi. Basi katika wilaya hizi mbili, zilizo leo katika Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, Kiswahili kiliingia kama mgeni asiye na jamaa mlangoni. Na kwa ulimi wa mgeni huyo, kwa sehemu kubwa, watu walihubiriwa habari za siku ya mwisho.

Jambo hili lina uzito kuliko lionekanavyo. Mwalimu wa dini aliyesimama Mbulu kunena juu ya kiyama, hukumu, toba na jehanamu alitumia maneno ambayo yalikuwa yamekwisha azimwa mara moja kabla hayajamfikia. Yalitoka Uarabuni kuja mwambao pamoja na Uislamu, yakakaa huko karne nyingi vinywani mwa walimu wa chuoni na watunzi wa tenzi, ndipo wafasiri wa Biblia wakayachukua. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba maneno hayo hayakufika matupu. Na kwamba huko yalikofika yalikuta fikira nyingine ya hukumu, iliyo ya nchi nzima na ya maisha haya, ambayo haikuondoka ila ilijipenyeza ndani ya maneno mapya.

Tuanze na mwambao. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, walikuta Kiswahili tayari kina msamiati kamili wa mambo ya mwisho. Ahera, kiyama, peponi, motoni, malaika, shetani, thawabu: mfasiri hakuwa na haja ya kubuni, bali ya kuchagua. Biblia ya Unguja iliyokamilika mwaka 1891, na ile ya Mombasa ya mwaka 1914, zilichagua kwa njia zilizotofautiana, lakini zote mbili zilikunywa katika kisima kimoja. Kando ya maneno ya Kiarabu yalisimama ya Kibantu, ufufuo, mbinguni, kuzimu, nayo yakawa kama mke mwenza katika nyumba moja. Tazama kiyama na ufufuo. Kwa asili yake ya Kiarabu neno kiyama ni kusimama, kuinuka kutoka mautini. Lakini katika usemi wa watu wa kawaida limeteleza: husema kiyama wakiwa na maana ya maangamizi, zahama, siku ya kutisha. Furaha ya kuinuka ikabaki kwa ufufuo, na hofu ikabaki kwa kiyama, ingawa hapo mwanzo yalikuwa jambo moja.

Kulikuwa na mtu aliyetaka kukata shina la mambo haya. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, aliona kwamba maneno ya Kiarabu yalikifunga Kiswahili kwa watu wa bara na kukiingiza Uislamu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1930 alitoa Agano Jipya, na mwaka 1937 Biblia nzima, akiwa amejitahidi kuweka maneno ya Kibantu kila alipoweza. Mwaka 1931 Broomfield wa misheni ya UMCA alimjibu katika jarida la Africa, akisema kwamba lugha haisafishwi kwa amri, na kwamba neno likiisha kaa katika lugha ni la lugha hiyo, litoke litokako. Wasomi wengi wamempa Broomfield ushindi, nami nakubali kwa habari ya Kiswahili chenyewe. Lakini hoja ya Roehl juu ya watu wa bara yafaa ipimwe mahali kama Mbulu, na hapo yaanguka kwa sababu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitaja: kwa Mwiraqw neno la Kibantu si la nyumbani kuliko la Kiarabu. Yote mawili yametoka nje. Biblia ya pamoja, iliyounganisha mapokeo ya Unguja na Mombasa, ilipotoka kamili mwaka 1952, ilileta tena maneno ya Kiarabu yaliyozoeleka, nayo ndiyo iliyoenea kwa Waprotestanti wa nchi hizi.

Sasa tutazame kilichokuwako kabla. Wairaqw humjua Lo'a, ambaye jina lake ni jina la jua, na ambaye husemwa kama mama: mwema, yu mbali, apenda haki. Chini, katika chemchemi na mito, wako netlangw, wasumbufu, nao husemwa kama wanaume. (Wahubiri waliomleta Mungu Baba wa mbinguni na shetani wa kuzimuni walikuta basi ngazi ya juu na chini imekwisha jengwa, ila jinsia ya aliye juu ilikuwa kinyume. Sijui mahali pengi ambapo tafsiri ya neno moja hudai mengi kama hapo.) Wako pia gi', roho za wafu. Lakini katika maelezo ya wanazuoni walioishi nao, kama Thornton aliyetoa kitabu chake mwaka 1980 na Snyder aliyetoa chake mwaka 2005, hatuoni siku moja ya mwisho ambayo kila mtu atasimama peke yake kuulizwa matendo yake. Tuonacho ni aya, yaani nchi, jumuiya ya watu walio ndani ya mpaka mmoja uliolindwa kwa matambiko. Kosa la mmoja hudhuru mvua ya wote. Aliyepatwa na unajisi, kwa kifo nyumbani mwake au kwa msiba mwingine wa namna hiyo, hutengwa katika hali iitwayo metimani, asishiriki moto wala chakula na jirani, mpaka muda wake utimie. Hukumu basi ipo, tena ni kali. Lakini yafanyika sasa, juu ya ardhi hii, na mshtakiwa si mtu mmoja.

Kanisa Katoliki liliweka Mbulu kuwa eneo lake la pekee mwaka 1943, chini ya Wapalotini kutoka Ireland. Mwaka 1953 likawa jimbo, na Patrick Winters akawa askofu wake wa kwanza. Walutheri wa Norwei walifuata, na hospitali yao ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Katekisimu ya Wakatoliki ilifundisha mambo manne ya mwisho, kifo, hukumu, mbingu na moto, ikitenga hukumu ya kila mtu mara afapo na ile ya watu wote mwisho wa dunia. Walutheri wa Norwei, watu wa mapokeo ya uamsho, walikazia zaidi saa ya mtu kuongoka.

Lakini nani alikuwa amekwisha litumia neno hukumu katika nchi hiyo? Boma. Hukumu ndiyo iliyotoka kinywani mwa hakimu na kwenye baraza la jumbe, pamoja na faini na kifungo. Tena serikali ya Waingereza haikuhukumu kila mara mtu mmoja mmoja. Juu ya Wabarabaig, kwa ajili ya mauaji ya watu wa makabila jirani, ilitumia sheria ya adhabu ya pamoja, ikatwaa ng'ombe wa wasio na hatia pamoja na wa wenye hatia. Ni jambo la kushangaza: mhubiri alikuwa akifundisha kwamba mbele ya kiti cha Mungu hakuna atakayejibu kwa ajili ya ndugu yake, na serikali iliyompa ruhusa ya kujenga kanisa ilikuwa ikihukumu kama wazee wa kale, kwa ukoo na kwa nchi. Sidhani kwamba wasikiaji walikosa kuiona tofauti hiyo.

Neno ambalo limeleta mashindano makubwa zaidi, hata hivyo, si hukumu bali wokovu, na hasa kitenzi chake. Mzizi ni mmoja, kuokoa. Ukisema nimeokolewa, kauli ni ya kutendwa: yuko aliyetenda, hata asipotajwa. Ukisema nimeokoka, kauli ni ya kutendeka, kama mlango umefunguka au chungu kimevunjika. Hapo macho hayamtafuti mtendaji, yatazama hali. Katika Kiswahili cha zamani kuokoka ni kuponea chupuchupu, kutoka salama katika merikebu iliyozama au katika vita. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Bukoba na kuenea katika makanisa ya Kilutheri na Kianglikana ya Tanganyika, ulilifanya umbo hilo kuwa alama ya watu wake. Umeokoka? ndilo swali, na jibu lake laja katika wakati wa -me-, jambo lililotimia na ambalo matokeo yake yangalipo. Mkatoliki, na Mlutheri wa mtindo wa zamani, aliulizwa swali hilo akasita, kwa maana yeye amefundishwa kusema kwa -ta-: nitahukumiwa, natumaini nitaokolewa. Watu wameona hapo kiburi upande mmoja na ubaridi upande wa pili. Mimi naona kwanza tofauti ya nyakati za kitenzi. Kwa mlokole siku ya hukumu imekwisha pita kwa namna fulani, siku ile aliyoungama mbele ya watu. Kwa yule mwingine iko mbele, na njia yote ya maisha yaelekea huko.

Katika Mbulu tofauti hiyo iligusa unga na moto, si sarufi peke yake. Aliyekwisha okoka hakuwa na sababu ya kuogopa unajisi wa jirani wala kukubali kutengwa kwa sababu ya wake mwenyewe. Metimani kwake ni jambo la giza. Bali kwa mzee wa aya, mtu huyo amejiponya peke yake na kuiacha nchi katika hatari. Kuokoka kwake ni kule kwa mwambao hasa: ametoka merikebuni, na wenzake wangali ndani. Ndiyo maana shutuma hii haiwezi kujibiwa kwa katekisimu tu. Yule mzee hakukana hukumu ya Mungu. Alichokataa ni kwamba yaweza kugawanywa mtu mmoja mmoja.

Wakatoliki walikuwa na mlango ambao wengine hawakuwa nao, nao ni toharani. Neno lenyewe latoka katika tahara, usafi, na lasema juu ya wafu ambao hawajakamilika na ambao walio hai waweza kuwafaa kwa sala na misa. Nchi iliyozoea kwamba mfu na mzima wana haki juu ya mmoja na mwenzake, na kwamba unajisi una muda wake wa kutakata, ililikuta fundisho hilo si geni. Misa ya wafu nayo ilibadilika. Hata marekebisho ya mwaka 1969, yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ibada ya mazishi iliimbiwa kwa Kilatini wimbo wa Siku ya Ghadhabu, ambao wengi katika waombolezaji wa Mbulu, kama wa mahali pengine, walisikia sauti yake tu bila maana yake. Baada ya hapo wimbo huo uliondolewa katika misa ya mazishi, ibada ikawa ya Kiswahili, na mkazo ukahama kutoka ghadhabu kwenda tumaini la ufufuo. Mwaka 1971 jimbo lilipata askofu mwenyeji, Nicodemus Hhando. Katika kizazi kimoja, basi, kiyama ya Kilatini ilitoweka na ufufuo wa Kiswahili ukashika mahali pake makaburini.

Na makaburi ndiyo yaliyoleta shauri gumu kuliko yote upande wa Hanang. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimiwa huzikwa kwa bung'eed, sherehe ndefu ya miezi mingi, ambayo Klima aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo, kikiongezwa hatua kwa hatua, na siku ya mwisho watu hukusanyika kwa wingi kutoka mbali. Tangu hapo mahali pale si pa kupita ovyo. Mzee hakwenda kungoja kokote. Yuko pale, jamaa zake huja kumwomba na kumweleza shida zao, na Aseeta, Mungu, asikia. Mhubiri wa ufufuo aweza kusema kwamba mahali pa kaburi si kitu, kwa kuwa siku ile hata bahari itawatoa wafu wake. Kwa Mbarabaig mahali ndipo penye jambo lenyewe.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa ekari kama 100,000 za tambarare za Basotu kwa kilimo cha ngano, katika mashamba makubwa saba. Ni zile ardhi nzuri zaidi za malisho, na ndimo yalimokuwamo makaburi ya bung'eed. Trekta zililima juu ya mengi kati ya hayo. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika hilo kwa kuingilia ardhi yao na kuharibu mali zao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwa upande wao. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua: kijiji, ilisema, hakikuwa kimepewa ardhi ile, na wadai hawakuwa wamethibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Kila mmoja wao alipaswa kulithibitisha jambo hilo kwa nafsi yake.