Mali Bila Daftari: Hesabu za Nchi Yetu kutoka Kongwa hadi Dodoma

Kila mwaka tunapoadhimisha tarehe 9 Desemba huku ughaibuni, huwasimulia watoto wetu habari za bendera, za mwenge uliowashwa kileleni Kilimanjaro na za hotuba za Mwalimu. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini uhuru una sehemu nyingine isiyo na ngoma wala gwaride, nayo ni haki ya wananchi, kupitia wabunge wao, kuiuliza Serikali: fedha zetu zimekwenda wapi? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Historia ya methali hiyo katika nchi yetu inapita hapa hapa Uingereza tunapoishi, na inaanzia Kongwa.

Karanga za Kongwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege. Ukarudi na pendekezo la kulima karanga kwa mashine katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takriban pauni milioni 24. Maeneo yaliyochaguliwa kwetu yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Wazee wa Dodoma wanaijua ardhi ya Kongwa. Ni nchi ya ukame, na udongo wake wa mfinyanzi ukikauka huwa mgumu kama saruji. Matrekta mengi yaliyopelekwa yalikuwa yameshatumika vitani, na vichaka na mizizi ya mibuyu viliyamaliza. Mwaka 1947 walikusudia kulima ekari 150,000, lakini ekari zilizopandwa msimu ule hazikufika hata 10,000. Huko kusini bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea ili kubeba karanga ambazo hazikuja. Bandari ipo mpaka leo. Reli iling'olewa miaka michache baada ya Uhuru.

Kwa habari yetu, jambo kubwa lilitokea mwaka 1949. Shirika lililosimamia mradi liliwajibika kwa Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, na hesabu zake zilipelekwa mbele ya Bunge la London. Wakaguzi walipozipitia hesabu za mwanzo, walisema wazi kwamba vitabu vya hesabu havikutunzwa ipasavyo. Fedha zilikuwa zimetumika kwa mamilioni, na daftari halikuweza kueleza vizuri zilivyotumika. Novemba mwaka huo wabunge wa upinzani walidai uchunguzi, Serikali ikawashinda kwa wingi wa kura. Hata hivyo maswali hayakukoma, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule mkubwa na kufuta zaidi ya pauni milioni 36.

Tuwape haki yao wabunge wale: waliuliza. Lakini waliuliza kuhusu pauni za walipa kodi wa Uingereza. Ndani ya ukumbi ule hapakuwa na mbunge hata mmoja aliyechaguliwa na Watanganyika, wa kusimama na kuuliza kuhusu ardhi ya Wagogo iliyofyekwa au ujira wa vibarua. Dar es Salaam lilikuwepo Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliingia humo mwaka 1945 tu, machifu Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, nao waliteuliwa na Gavana. Chifu Adam Sapi Mkwawa aliteuliwa mwaka 1947, na hesabu za karanga zilibaki kuwa shauri la London.

Haki iliyokuja na Uhuru

Mwaka 1961 mambo yaligeuka. Pamoja na bendera tulipata Bunge letu lenye mamlaka ya kuidhinisha matumizi ya Serikali, na Chifu Adam Sapi aliyekuwa ameketi kwa uteuzi wa Gavana akaja kuwa Spika wake. Utaratibu wa ukaguzi tuliurithi kutoka Uingereza, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali iliundwa mwaka 1861 kwa juhudi za William Gladstone. Tulirithi mfumo uliokuwa na umri wa miaka mia kamili.

Kwa faida ya vijana wetu waliozaliwa huku, tueleze unavyofanya kazi nyumbani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ukiisha, kila wizara hufunga hesabu, na mwenye kuzijibia ni Katibu Mkuu wa wizara, ambaye kwa kazi hiyo huitwa Afisa Masuhuli. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tumemzoea kwa jina la CAG, huzikagua na kutoa hati: safi, yenye shaka au chafu. Ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi, na Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Rais aiwasilishe Bungeni. Kisha Kamati ya Hesabu za Serikali, yaani PAC, na ile ya Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita Maafisa Masuhuli mmoja mmoja kujibu hoja. Masurufu haya hayajarejeshwa, kwa nini? Posho hii ya safari imelipwa, hati ya malipo iko wapi? Mtumishi huyu aliyestaafu, mbona jina lake bado linapokea mshahara?

Swali hili la mwisho si la kubuni. Hoja za mishahara ya wasiostahili zilijirudia katika ripoti za CAG mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya malipo.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi utaratibu huu hautushangazi. Wodini dawa kali kama mofini hukaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila ampuli inayotoka huandikwa kwenye daftari kwa sahihi za watu wawili. Mwisho wa zamu huhesabiwa tena. Hakuna anayeona ametukanwa akiombwa daftari. Dawa isiyoandikwa inahesabika kwamba haikutolewa, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya daftari bovu. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Mama mjamzito anayeambiwa aje kujifungua na glovu zake huenda hajawahi kusikia neno PAC, lakini hoja ya ukaguzi ambayo haikujibiwa inaweza kuwa ndiyo iliyomfikisha hapo.

Barua ya milioni 50

Miaka mingi ya chama kimoja, kuanzia 1965 hadi 1992, CAG alikagua na Bunge lilipokea, lakini aliyeuliza na aliyeulizwa walikuwa wa chama kimoja. Baada ya vyama vingi kurudi, Kanuni za Bunge za 2007 ziliweka uenyekiti wa kamati za hesabu mikononi mwa upinzani. Ndipo tukawaona John Cheyo akiongoza PAC, Dkt. Willibrod Slaa LAAC, na Zitto Kabwe kamati ya hesabu za mashirika ya umma. Wakati huo huo Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 iliipa ofisi ya CAG, chini ya Ludovick Utouh, nguvu zaidi.

Tukio moja linafaa kukumbukwa na kila anayetaka kujua posho za watumishi zinavyoweza kulitikisa Bunge. Julai 2011, wakati wa kujadili bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, Mbunge wa Kilindi, Beatrice Shellukindo, aliibua barua ya Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara kuchangia shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha kupita kwa bajeti Bungeni. Huku nje nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme.

CAG alipewa kazi ya kuchunguza, na Agosti Katibu Mkuu Kiongozi, Philemon Luhanjo, akatangaza kwamba Jairo hakuonekana kuwa na kosa, akamrudisha kazini. Wabunge wa pande zote waliwaka. Walisema ofisi iliyolalamikiwa Bungeni haiwezi kusafishwa bila Bunge lenyewe kujiridhisha. Wakaunda Kamati Teule chini ya Mhandisi Ramo Makani, Rais akaagiza Jairo aende likizo, na Novemba taarifa ya kamati ikasomwa na Bunge kupitisha maazimio yake.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, karatasi moja mkononi mwa mbunge mmoja ilitosha kuanzisha uchunguzi. Pili, hata mkaguzi mkuu wa nchi hafanyi kazi ya Bunge kwa niaba ya Bunge. Yeye huleta majibu ya hesabu, na uamuzi wa kuridhika au kutoridhika ni wa wawakilishi wa wananchi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2014, PAC chini ya Zitto Kabwe iliwasilisha taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, ikihusu zaidi ya shilingi bilioni 300. Kabla ya Januari kwisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mawaziri wawili hawakuwa tena kwenye nafasi zao.

Daftari lilipofungwa

Lakini historia ikisimuliwa upande mmoja si historia. Mwishoni mwa 2018, CAG aliyemfuata Utouh, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa huko New York. Alisema kwamba ikiwa ripoti zinatolewa na hatua hazichukuliwi, huo ni udhaifu wa Bunge. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimwita mbele ya kamati ya maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere.

Wako miongoni mwetu walioona kwamba Profesa alikosea kulisema Bunge akiwa ugenini, na wako walioona kwamba alisema kweli tupu. Mjadala huo tuuache kwa wasomaji. Lililo wazi ni kwamba anayeleta daftari na anayelisoma waliacha kuzungumza, na mwananchi ndiye aliyebaki bila jibu. Mbunge wa Kongwa wakati ule alikuwa Spika mwenyewe. Miaka 70 baada ya karanga, kiti cha mwakilishi wa Kongwa kilikuwa ndicho kikubwa kuliko vyote katika Bunge letu. Nguvu ya kuuliza ilikuwa imehama London ikaja nyumbani kwetu. Kuitumia au kutoitumia lilikuwa sasa shauri letu wenyewe.

Wenyeji wetu nao

Watoto wetu huambiwa shuleni kwamba ubadhirifu ni ugonjwa wa Afrika. Tuwakumbushe mwaka 2009. Mwezi Mei gazeti la Daily Telegraph lilichapisha madai ya gharama ya wabunge wa Uingereza. Mmoja alikuwa ameomba alipiwe kibanda cha bata cha kuelea bwawani kwake. Spika Michael Martin akalazimika kutangaza kujiuzulu, baadhi ya wabunge wakafungwa jela, na chombo huru cha kusimamia malipo yao kikaundwa mwaka huo huo. Yale yale ya wakaguzi wa 1949 yalirudi: hesabu zisipoonekana, heshima ya ofisi haitoshi kumzuia mtu. Tofauti kati ya nchi na nchi ni muda unaopita kabla ya swali kuulizwa, na usalama wa anayeuliza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tufanye nini tulio mbali? Ripoti za CAG hutolewa hadharani kila mwaka, na zipo za Kiswahili. Tuchague sura moja, ya afya au ya halmashauri tulikozaliwa, tuisome na watoto wetu mezani. Tukipiga simu nyumbani, pamoja na kuuliza hali ya Bibi na bei ya unga, tuulize pia halmashauri yetu imepata hati gani. Wengi wetu tunatuma fedha za kumalizia darasa au zahanati ya kijiji, na hiyo inatupa haki ya kuuliza na wajibu wa kusoma. Vijana wenye vipaji vya hesabu tuwaambie kwamba ukaguzi ni kazi ya kuitumikia nchi kama ilivyo ualimu na udaktari.

Nasi wenyewe tuanzie hapa chamani. Michango ya misiba, ya sherehe hii na ya kusafirisha miili ya wenzetu isomwe mbele ya wanachama, risiti zikiwa mezani, na mweka hazina aulizwe kwa adabu naye ajibu kwa adabu. Mtoto atakayekua akiona wazazi wake wanaulizana hesabu bila kugombana, atajua kumuuliza waziri.

Heri ya Siku ya Uhuru kwenu nyote. Mungu ibariki Tanzania.